Kutoka Khondowe hadi Mpika

Siku hizi mtu akisikiliza hotuba yoyote inayohusu elimu ya ufundi hakosi kusikia habari za ushirikiano wa kikanda. Mwaka 2018 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa kuviimarisha vyuo 16 vya ufundi katika nchi za Ethiopia, Kenya na Tanzania, ili kila chuo kiwe bingwa wa fani fulani na vijana wa nchi moja waweze kuvuka mpaka kwenda kujifunza katika nchi nyingine. Kwa upande wetu vilichaguliwa Chuo cha Ufundi Arusha, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam pamoja na tawi lake la Mwanza, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji. Ni jambo jema na sina ugomvi nalo. Kinachonishangaza ni namna linavyosemwa, kana kwamba ni uvumbuzi wa juzi. Sisi tuliozaliwa Rungwe, tuseme hapa Lupepo na vijiji vya jirani, tumekuwa na jambo hilo tangu zamani, na historia yake ina mafunzo machungu na matamu ambayo wenye miradi wangefaidika kuyasikia kabla ya kufungua mikoba yao.

Neno "mpaka" lenyewe linataka kuangaliwa. Mto Songwe uligeuzwa kuwa mpaka wa mataifa kwa mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890, uliotiwa sahihi Ulaya na watu ambao hawajawahi kunywa maji ya mto huo. Ng'ambo ya kusini waliachwa Wangonde wa Kyungu, na upande huu tukaachwa Wanyakyusa, watu wanaosikilizana lugha bila mkalimani, wanaooana na kuzikana. Kwa hiyo ninaposema kwamba vijana wa Rungwe walivuka mpaka kwenda kutafuta elimu, msomaji asidhani walikwenda ugenini kama anavyokwenda mtu wa leo na pasi yake ya kusafiria mkononi. Walikwenda kwa wajomba. Ugeni ulianza mbele zaidi, walipopita Karonga na kuendelea kusini kando ya ziwa.

Lakini hata kabla ya hapo ufundi ulikuwa ukivuka mipaka, ile midogo ya makabila. Majembe na mikuki yetu ilifuliwa na Wakinga, watu wa milimani kwenye baridi, nao walichukua chakula kwetu. Vyungu vilitoka kwa wanawake wa Kikisi wa ufukweni mwa ziwa, kule Matema na Ikombe, wakivibadilisha kwa nafaka na ndizi. Sisi tulikuwa wajenzi. Mskoti Joseph Thomson alipopita nchi hii mwaka 1879 alistaajabia usafi wa vijiji na uzuri wa nyumba za mianzi kati ya migomba. Tena kwa desturi yetu vijana wa rika moja walijitenga na wazazi wao na kujijengea kijiji chao wenyewe, maana yake kila mvulana wa Kinyakyusa alipitia shule ya ujenzi, ila shule hiyo haikuwa na jina wala cheti. Nataja haya kwa sababu ripoti nyingi za kigeni, za zamani na za sasa, huanza na sentensi inayosema kwamba wenyeji hawakuwa na ujuzi. Wenyeji walikuwa na ujuzi. Walichokosa ni ujuzi wa aina iliyokuwa ikianza kulipwa fedha.

Sasa tuingie Khondowe. Kuna mahali palipo juu ya ukingo mrefu unaolitazama Ziwa Nyasa kutoka magharibi, ambapo Dk. Robert Laws wa misheni ya Waskoti ya Livingstonia aliweka makao mwaka 1894. Misheni yenyewe ilikuwa imeanza kusini mwa ziwa, Cape Maclear, mwaka 1875, ikahamia Bandawe mwaka 1881 kwa sababu ya homa na vifo, kisha ikapanda mlimani Khondowe. Pale Laws alijenga chuo kilichoitwa Overtoun. Mtu huyu alikuwa mganga na mchungaji, lakini kwanza alikuwa seremala: mwana wa fundi wa samani wa Aberdeen, aliyejifunza kazi ya baba yake na kusoma vitabu usiku. Nadhani hapo ndipo penye ufunguo wa mambo yote aliyoyafanya. Mtu aliyeshika randa kabla ya kushika Biblia hawezi kuona kazi ya mikono kuwa adhabu ya wale walioshindwa masomo. Khondowe palifundishwa useremala, uashi, uchapaji wa vitabu, ufundi wa mitambo, kupeleka simu, utunzaji wa hesabu na maduka, uganga, ualimu na theolojia, vyote katika mlima mmoja. Mwaka 1905 chuo kilikuwa na umeme uliotokana na nguvu za maji. Ziko wilaya zetu nyingi zilizosubiri umeme huo miaka mingine 80.

Fikra hiyo nayo haikuwa ya Laws peke yake. Mfano ulitoka Lovedale, shule ya Waskoti katika nchi ya Waxhosa kule Afrika Kusini. Tena hawakuletewa mfano tu, waliletewa na watu. Mwaka 1876 walifika ziwani wanaume wanne wa Lovedale, Waafrika, waliojitolea kufanya kazi na misheni: William Koyi, Shadrach Mngunana, Isaac Wauchope na Mapassa Ntintili. Mngunana alifia huko huko. Koyi alikaa miaka kumi, akawa mtu wa kuaminiwa na Wangoni, akafa mwaka 1886. Wauchope aliugua akarudi kwao mapema, akaishi hadi mwaka 1917, alipozama na meli ya Mendi pamoja na mamia ya wenzake waliokuwa wakipelekwa Ufaransa kufanya kazi za vita. Huo ndio ushirikiano wa elimu wa kuvuka mipaka wa kwanza ninaoufahamu katika pande zetu, na waliobeba mzigo wake mzito walikuwa Waafrika waliokuja kufundisha Waafrika. Katika vitabu vingi wamepewa mistari miwili mitatu tu.

Na fedha je? Jina la Overtoun lilitokana na tajiri wa Glasgow, Lord Overtoun, mwenye kiwanda cha kemikali, aliyeichangia misheni kwa ukarimu mkubwa. Mwaka 1899 Keir Hardie, yule kiongozi wa wafanyakazi wa Uingereza, aliandika vijitabu vikali vikieleza jinsi vibarua wa kiwanda hicho walivyofanya kazi saa 12 kwa siku, pamoja na Jumapili, katika vumbi la sumu lililowatoboa pua. Sisemi hivyo ili kuichafua Khondowe. Nasema ili msomaji ajue kwamba karakana iliyojengwa juu ya ziwa letu ililipiwa kwa sehemu na pua za maskini wa Glasgow, ambao nadhani hawakuwahi kuulizwa kama wangependa kuchangia.

Upande wetu, Wajerumani walikuwa wamefika mwaka 1891, Wamoraviani wakiweka kituo Rungwe na wale wa misheni ya Berlin wakiongozwa na Alexander Merensky wakiweka chao Wangemannshöhe. Wao pia walifundisha kufyatua na kuchoma matofali, kupasua mbao na kujenga, na kanisa na majengo ya Rungwe ni ushahidi. Lakini elimu yao kwa sehemu kubwa ilikuwa ya kijiji, ya kusoma Neno katika lugha ya mama, na kazi ya ufundi iliishia penye mahitaji ya misheni. Sipendi kuwalaumu sana. Walikuwa wachache, wengi walikufa, na kusudi lao halikuwa kuzalisha makarani.

Vita vikageuza mambo. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yaliingia kutoka Nyasaland na kuitwaa Neu Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo. Wamisionari Wajerumani walikamatwa wakapelekwa kizuizini, na makanisa yakabaki mikononi mwa walimu Waafrika. Waskoti wa Livingstonia wakaombwa kuyaangalia, nao wakayaangalia hadi Wajerumani walipoanza kurudi kuanzia mwaka 1925. Hiyo ni karibu miaka kumi, nayo ni miaka ambayo historia zetu za shule huiruka. Katika miaka hiyo mlango wa Khondowe ulikuwa wazi kwa vijana wa Rungwe. Walikwenda kwa miguu, wakavuka Songwe, wakashuka Karonga, wakafuata ziwa kisha wakaupanda ule mlima. Wengine walirudi walimu, wengine mafundi, wengine hawakurudi.

Mmoja wa waliorudi nilimfahamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, nilipokuwa mtoto, alikuwa mzee, naye alikuwa na kibanda cha useremala ambako sisi watoto tulikwenda kuokota maranda ya kuwashia moto. Tulimwita Tata, kama tulivyowaita wazee wote. Hakuruhusu mtu kugusa ubao kabla ya kuchora. Ukija na haja ya kiti alikupa kipande cha kalamu na karatasi ya mfuko wa sukari, ukichore kiti chako na vipimo vyake, hata kama hujui kusoma. Viungo vyake vilikuwa vya ulimi na tundu, havikuwa na msumari hata mmoja, na alipomaliza alikiinua kiti na kukiangusha chini kwa makusudi. Kikilia, alikitengua. Aliyataja majina ya vifaa kwa Kiingereza cha Kiskoti kilichopita katika kinywa cha Kinyakyusa, maneno ambayo hadi leo sijayasikia kwingine. Alisema neno moja ambalo nalikumbuka: kwamba huko alikosoma, kijana wa useremala na kijana wa theolojia walikula chungu kimoja, na kwamba aliporudi nyumbani hakumwona tena mtu aliyedhani hivyo.

Hapo naona palipo na jambo. Khondowe ilifundisha watu wengi kuliko kazi zilizokuwapo. Nyasaland ilikuwa nchi maskini ya kikoloni, haikuwa na migodi wala viwanda vya maana, na fundi aliyehitimu alitazama huku na huku akaona mashamba ya walowezi yenye ujira mdogo. Basi akafunga mzigo. Makarani, wapeleka simu, maseremala na waashi wa Livingstonia walijaa Rhodesia zote mbili, Katanga, Afrika Kusini na Tanganyika. Ofisi nyingi za serikali ya Kiingereza katika nyanda zetu za juu ziliendeshwa na makarani "Manyasa", na babu zetu waliwaonea wivu kwa suruali zao. Kwa hesabu ya misheni huo ulikuwa mwujiza na msiba kwa pamoja: chuo kilijengwa ili kuijenga nchi, kikawa kisima cha kuzinywesha nchi nyingine.

Lakini ujuzi una tabia nyingine ambayo waliopanga hawakuiandika katika mipango yao. David Kaunda aliondoka Khondowe mwanzoni mwa karne ya 20 akaenda kuanzisha kazi Lubwa, katika nchi ya Wabemba, na hapo mwaka 1924 akazaliwa mwanawe Kenneth. Clements Kadalie alihitimu ualimu mwaka 1912, akasafiri kusini, na mwaka 1919 akaanzisha Cape Town chama kikubwa cha wafanyakazi kilichowatia hofu makaburu. Elliot Kamwana, aliyepita Overtoun, alirudi mwaka 1908 akihubiri kwamba serikali ya Wazungu na kodi zake zina mwisho, akabatiza maelfu kabla ya kufukuzwa nchini. Karonga, mwendo mfupi kutoka Songwe, mwaka 1912 wahitimu walianzisha chama cha wenyeji cha Nyasa ya Kaskazini, na mmoja wao, Levi Mumba, ndiye aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Congress ya Nyasaland mwaka 1944. Mtu aliyefundishwa kupima ubao kwa timazi huanza kuipima na serikali. Nionavyo mimi hayo ndiyo matokeo makubwa kuliko yote ya chuo kile, nayo hayakuwamo katika mtaala.

Laws alikwenda mbali zaidi, akataka chuo chake kiwe chuo kikuu. Hakukubaliwa. Wakuu wa kanisa nyumbani waliona gharama, serikali iliona hatari, na katika miaka ya 1920 upepo wa fikra za elimu uligeuka. Tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika Mashariki na ya Kati mwaka 1924, ikiwa na Dk. James Aggrey wa Gold Coast kama mjumbe, ikashauri elimu iliyofungamana na maisha ya kijiji: kilimo, afya, kazi ndogo ndogo za mikono. Ushauri huo ulisikika vizuri, na sehemu yake ulikuwa wa busara. Lakini kwa vitendo ulitumika kusema kwamba Mwafrika asifundishwe kingi. Laws aliondoka mwaka 1927, mzee wa miaka 76, na mlima ule ukapungua sauti. Chuo Kikuu cha Livingstonia kilikuja kufunguliwa mwaka 2003, miaka 69 baada ya kufa kwake.

Kwetu, Wajerumani waliporudi mlango wa kusini ulijisindika wenyewe. Shule za Tanganyika zikawa chini ya serikali ya Tanganyika, Kiswahili kikashika nafasi yake, na kijana mwenye akili akatazama Malangali na baadaye Tabora badala ya Karonga. Walioendelea kuvuka walikuwa wale ambao shule haikuwataka. Walikwenda Lupa kwa dhahabu, wakaenda Copperbelt, na kupitia Wenela wakaenda hadi migodi ya Johannesburg. Huko nako kulikuwa na shule ya aina yake. Walifundishwa Fanakalo, lugha ya amri, kwa siku chache. Wakafundishwa kutoboa mwamba na kupakia. Wakarudi na baiskeli, blanketi na kifua kinachokohoa. Hakuna aliyerudi na ujuzi wa kuendesha mgodi, maana kwa sheria za kule kazi za kibingwa zilitengwa kwa Wazungu. Watu wetu walifanya kazi ndani ya viwanda vikubwa kuliko vyote barani kwa vizazi viwili, wakatoka bila cheti kimoja. Anayesema kwamba kukutana na mitambo kunatosha kumfundisha mtu, na aitazame Wenela. Serikali ya Uhuru iliifunga biashara hiyo, na ilifanya vema.

Kisha wakaja Wachina.

Habari ya reli ya Uhuru inajulikana, nitaipita haraka. Rhodesia ya Smith ilijitangazia uhuru wake mwezi Novemba 1965, Zambia ikajikuta shaba yake inapita katika nyumba ya adui, nchi za Magharibi zikasema reli ya kwenda Dar es Salaam haina faida. Septemba 1967 makubaliano yakatiwa sahihi Beijing, Oktoba 1970 ujenzi ukaanza, mwaka 1973 reli ikafika Tunduma, na mwezi Julai 1976 njia nzima ya kilomita 1,860 ikakabidhiwa. Mahandaki 22, madaraja zaidi ya 300. Zaidi ya Wachina 60 walifia kazini upande wa Tanzania na Zambia. Aliyetia mkono pamoja na Mwalimu Nyerere alikuwa Kenneth Kaunda, yule mtoto wa mhitimu wa Khondowe.

Jambo linalonihusu hapa ni mafunzo. Maelfu ya vijana wa Tanzania na Zambia waliajiriwa, na wengi wa kwetu wa nyanda za juu walikuwa miongoni mwao, kwa kuwa Mbeya ni kilomita kama 70 tu kutoka Tukuyu. Binamu yangu alikwenda akiwa na miaka 20 na elimu ya darasa la saba. Alianza kwa kubeba mataruma karibu na Makambako. Alikuwa akituhadithia kwamba mwalimu wake Mchina hakujua Kiswahili zaidi ya maneno kumi, na yeye hakujua Kichina hata kimoja. Mafunzo yakawa hivi: Mchina anafanya, anaweka chombo chini, anasimama kando. Wewe unafanya. Ukikosea anatengua na kuanza upya bila kugombana. Alishangazwa zaidi na kuona mhandisi akishika koleo. Katika maisha yake yote hakuwahi kuona mtu mwenye kalamu mfukoni akichimba. Nilipomsikia nilimkumbuka yule Tata wa kiti kinacholia.

Lakini kuonyesha kwa mikono kuna kikomo chake. Kunamfanya mtu ajue kufanya, wala si lazima ajue kwa nini. Viongozi wa nchi mbili walilitambua hilo, na mwaka 1972 karibu vijana 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing, katika chuo kikuu cha mambo ya reli, kusomea uhandisi wa njia, injini, mawasiliano na ishara, na uendeshaji wa usafirishaji. Wengi walihitimu mwaka 1975, wakawahi reli ikikamilika. Kwa mafundi wa kawaida ilijengwa shule ya mafunzo Mpika, Zambia, penye karakana kubwa. Kwa maoni yangu shule ya Mpika ndiyo kitu cha akili kuliko vyote katika mradi ule, kwa sababu ilikuwa yetu, ya nchi mbili, na haikumtaka kijana apande ndege ili awe fundi wa injini. Mtanzania alivuka Tunduma, akakaa bweni moja na Mzambia, wakatengua injini ile ile. Ndiyo Khondowe iliyorudi, ila safari hii wenye nyumba walikuwa wenyeji.

Yaliyofuata hayakuwa mazuri, na si haki kuyaficha. Reli ilikusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka, haikuwahi kuzifikia. Injini za kwanza za Kichina zilishindwa na milima, na miaka ya 1980 zikaletwa za Marekani na mitambo ya Kijerumani, maana yake fundi aliyesomea aina moja alilazimika kuanza upya kwa vitabu vya lugha nyingine. Wataalamu wa Kichina walipopunguzwa baada ya 1976 matatizo yaliongezeka, wakaitwa tena kusaidia uendeshaji. Wapo waliosema wakati ule kwamba hiyo ni dalili kuwa Waafrika hawafundishiki. Ni upuuzi. Reli ni kazi ya kizazi kizima: Waingereza wenyewe walikuwa na miaka 50 ya ajali na makosa kabla reli zao hazijatulia, na hawakuwa na mtu wa kuwaandikia ripoti. Sisi tulipewa miaka sita ya ujenzi, kisha tukaambiwa tuonyeshe faida. Njia ya kusini ilipofunguka tena na shaba ikapata milango mingine, faida hiyo ikawa ngumu zaidi kupatikana hata kwa mabingwa. Katikati ya miaka ya 1990 wafanyakazi wengi wa reli walipunguzwa kazini.

Na hapo ndipo ninapoona jambo ambalo takwimu za miradi hazilioni. Nenda Mbeya, nenda Makambako, hata Tukuyu, uliza historia za gereji za zamani, za wachomeleaji, za mafundi wa mashine za kusaga. Haitachukua muda utamkuta mtu wa Tazara, au mtu aliyefundishwa na mtu wa Tazara. Binamu yangu alipopunguzwa alirudi nyumbani na jiliwa moja, seti ya spana, na mazoea ya kutogombana na mwanafunzi. Kwa miaka zaidi ya 20 mashine za kusaga za vijiji vyetu, ukianzia Lupepo, zilikuwa zikiharibika na kupona mikononi mwake. Mradi uliandikwa kuwa umeelemewa na madeni. Kijiji kiliandika vingine.

Ipo mifano mingine ambayo naipita. Uyole ilipata msaada wa nchi za Nordiki katika kilimo, na mkulima wa viazi au mfugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Rungwe anaujua mchango wake hata kama hajui ulikotoka. Chuo cha Ufundi Mbeya kilianzishwa mwaka 1986 kwa makubaliano kati ya Tanzania na Urusi ya Kisovieti. Miaka mitano baadaye nchi iliyotia sahihi haikuwapo tena duniani, lakini chuo kiliendelea kuwapo, mwaka 2005 kikawa taasisi, na mwaka 2012 kikawa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Ni vigumu kuupata mfano ulio wazi zaidi wa mshirika aliyekufa akaacha mtoto mzima.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mambo haya ya elimu nimeona mgeni akija mara nne katika wilaya yetu, na kila mara mwenyeji alipona kwa kiasi alichoachiwa karakana, walimu na ruhusa ya kukosea. Wenela haikuacha chochote kati ya hivyo. Khondowe iliacha walimu, lakini kazi ikakosekana nyumbani. Mpika iliacha karakana na walimu, ikabanwa na hesabu za biashara. Ningependa siku moja wapangaji wa mitaala wasome mambo haya kwa utulivu, hasa lile la kazi. Kijana wa Rungwe aliyepata cheti cha umeme leo hakosi ujuzi. Anakosa wa kumwajiri. Akivuka Kasumulu kwenda Malawi au Tunduma kwenda Zambia anakuta cheti chake kinatazamwa kwa mashaka, wakati babu yake alivuka na patasi tu akaaminiwa. Kuviweka vyeti vya nchi jirani katika mizani moja ni kazi ndogo kuliko kujenga chuo, lakini haina jiwe la msingi la kuwekwa na mheshimiwa, na kwa hiyo inachelewa.

Septemba 2025 Tanzania na Zambia zilitiliana sahihi na kampuni ya Kichina ya CCECC mkataba wa miaka 30 wa kuifufua na kuiendesha Tazara, kwa thamani ya dola za Marekani bilioni 1.4. Nilimpelekea habari hiyo binamu yangu, ambaye sasa macho yamepungua na kazi ya gereji ameiacha kwa wajukuu. Nilimsomea gazeti lote. Alisikiliza mpaka mwisho, na hakuuliza habari za dola. Aliuliza kama vitabu vya injini mpya vitaandikwa kwa Kiswahili, na kama shule ya Mpika itachukua vijana mwaka huu au mwakani, kwa sababu anaye mjukuu wa kike ambaye tayari anajua kutengua pampu.